Joto la Kasese na bangi ya dawa: gharama ya kuupoza mmea kabla ya kuuza nje

KASESE, Uganda – Anayeshuka kutoka Fort Portal kwenda Kasese hahitaji kuambiwa kwamba amefika bonde la ufa. Akifika Hima koti huvuliwa, na akikaribia mji wa Kasese madirisha ya gari hufunguliwa yote. Ni katika eneo hili hili la Hima, karibu na kiwanda cha saruji, ambapo kampuni ya Industrial Globus Uganda ikishirikiana na Together Pharma ya Israel ilianzisha kilimo cha bangi ya dawa ndani ya vitalu nyumba. Mwaka 2020 kilo 250 za maua makavu zilisafirishwa kutoka hapo kwenda Israel.

Tangu wakati huo mjadala mwingi nchini Uganda umekuwa juu ya leseni, maadili na mabilioni yanayodhaniwa kuwapo. Jambo moja limezungumzwa kidogo mno, nalo ndilo linaloamua kama shamba litapata faida au litafungwa: joto. Makala haya yanaeleza joto linaufanyia nini mmea wa bangi, mkulima mwenye leseni anajikinga vipi, na kinga hiyo inamgharimu nini. Wafanyabiashara wa Bwera na Mpondwe nao wana sehemu yao katika hesabu hii, ingawa siyo ile ambayo wengi wao huifikiria kwanza.

Mmea unapozidiwa

Bangi ni mmea unaopenda jua, lakini kupenda jua si kupenda joto. Jani lake hutengeneza chakula vizuri hewa ikiwa kati ya nyuzi 25 na 30 za sentigredi. Ikipita 32 hivi, kazi hiyo hupungua huku mmea ukiendelea kutumia akiba yake kwa kasi. Ni sawa na duka ambalo mauzo yameshuka lakini mishahara imepanda. Kasese mjini, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,000, joto la mchana nje kivulini hufika nyuzi 30 au zaidi kidogo kwa siku nyingi za mwaka. Ndani ya nyumba ya plastiki isiyo na hewa ya kutosha, ongeza nyuzi 8 au 10 juu ya hapo.

Hata hivyo kipimajoto peke yake hakitoshi kueleza tatizo. Linalouumiza mmea zaidi ni kiu ya hewa, yaani tofauti kati ya mvuke ambao hewa ingeweza kubeba na mvuke ambao tayari inao. Wataalamu huipima kwa kilopaskali. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 60 ina kiu ya kama 1.3, na mmea unaochanua huimudu vizuri. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 40, hali ya kawaida ya alasiri ya Januari au Julai katika uwanda wa Kasese, ina kiu ya karibu 2.9. Ni zaidi ya mara mbili. Mizizi haiwezi kupandisha maji kwa kasi hiyo, basi jani hufunga vinyweleo vyake ili lisikauke. Likifunga, halitoi jasho. Lisipotoa jasho, halipoi. Na hewa ya kutengenezea chakula nayo haiingii. Mkulima anaona mmea umesimama tu, wala haujanyauka, akadhani mambo ni mazuri.

Dalili zipo kwa anayejua kutazama. Kingo za majani hujikunja kwenda juu mithili ya mtumbwi. Majani ya juu, yaliyo karibu na paa, hubabuka. Njia ya uhakika zaidi ni kupima joto la jani lenyewe kwa kipimajoto cha kuelekeza, jamaa wa kile ambacho kila aliyevuka Mpondwe wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini, 2018 hadi 2020, alielekezewa kipajini. Kile cha watu hakifai, kwa kuwa kimetengenezwa kusoma joto la mwili tu. Kinatakiwa cha kupimia vitu. Jani lenye afya huwa baridi kuliko hewa inayolizunguka kwa nyuzi 1 au 2. Likiwa moto kuliko hewa, vinyweleo vimefungwa na hasara imeanza.

Hasara inahesabiwa hivi

Katika mahindi, joto likipunguza mavuno kwa robo, mkulima anapoteza robo. Katika bangi ya dawa haiendi hivyo, kwa sababu mnunuzi halipii uzito peke yake. Analipia ua lenye kiwango cha kemikali kilichoandikwa kwenye mkataba, lisilo na mbegu, na lisilo na ukungu.

Joto linashambulia yote matatu. Ua lililozidiwa na joto na mwanga huanza kurefuka upya kwa vijipande vyembamba badala ya kujaa na kushikamana. Ni zao lile lile lakini daraja limeshuka. Mafuta yanayotoa harufu, ambayo ni sehemu ya thamani yake, hupeperuka. Baya kuliko yote, mmea wa kike uliosumbuliwa unaweza kutoa viungo vya kiume, ukajichavusha na kuchavusha majirani zake. Banda zima likapata mbegu. Kwa soko la dawa, ua lenye mbegu si daraja la pili. Mara nyingi halina soko kabisa, na kinachobaki ni kuliuza kwa wakamuaji wa mafuta kwa bei watakayotaka wao.

Ndiyo maana wasomaji waliozoea hesabu za kahawa au kakao wasipime biashara hii kwa kilo kwa ekari. Hapa mzigo hupimwa kundi kwa kundi kwenye maabara, na kundi lililoanguka huweza kutoa bei ya sifuri huku gharama zake zote zimekwisha kulipwa.

Jua la ikweta haliingii dirishani

Kasese iko dakika chache tu kaskazini ya ikweta. Mnara wa ikweta uko barabarani kuelekea Mbarara, ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeti. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, na hata Juni na Desemba saa sita mchana halishuki sana kutoka juu. Kwa hiyo karibu mzigo wote wa joto huingia kupitia paa. Mifano mingi ya vitalu nyumba vinavyouzwa duniani ilibuniwa kwa nchi zenye majira ya baridi, ambako tatizo ni kushika joto lisitoke. Ukiileta Hima kama ilivyo, umenunua tanuri.

Tuchukue hesabu ndogo. Saa sita mchana wa siku isiyo na mawingu, kila mita moja ya mraba hupokea nguvu ya jua ya kama kilowati 1. Hekta moja ni mita za mraba 10,000, hivyo ni megawati 10. Kituo cha umeme cha Bugoye, kwenye mto Mubuku hapo hapo Kasese, kina uwezo wa megawati 13. Anayefikiri atapoza hekta ya bangi kwa viyoyozi kama anavyopoza ofisi, afikirie kwanza tarakimu hizo mbili zikiwa zimekaa pamoja.

Zinabaki njia tatu: kulizuia jua lisiingie, kuruhusu hewa moto itoke, na kutumia maji kulimeza joto.

Kivuli ni cha bei nafuu lakini kina mtego. Neti iliyotandazwa nje, juu ya paa, huzuia joto kabla halijaingia. Neti ile ile ikifungwa ndani hupata moto yenyewe na kulirudisha joto juu ya mimea. Nyeusi ndiyo inayouzwa sana madukani lakini hufyonza joto; nyeupe au yenye utepe wa alumini hulirudisha angani. Wengine hupaka paa chokaa, njia rahisi inayofaa mahali penye kiangazi kirefu kimoja. Kasese ina misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Agosti hadi Novemba, na kila msimu huisafisha chokaa.

Mtego wenyewe ni kwamba bangi hukua kwa kadiri ya mwanga inaopata, na kiwango chake cha kutosheka ni cha juu sana. Neti ya asilimia 50 iliyofungwa mwaka mzima inaokoa mmea na kuua faida. Mashamba makini hutumia neti ya asilimia 30 hadi 40 inayovutwa kwa kamba au mota, ikafunika kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri na kufunguliwa muda uliobaki. Mota na reli zake ni gharama, lakini hurudi.

Hewa moto hupanda, hivyo paa lazima liwe na uwazi kileleni, si pembeni tu. Hili ni jambo la fundi kulizingatia siku ya kwanza, maana kukata paa baadaye ni ghali. Feni za ndani hazipunguzi joto la hewa, bali huondoa ile hewa iliyotuama juu ya jani. Zinasaidia. Ila umeme ukikatika saa saba mchana, banda linalotegemea feni peke yake hupanda joto ndani ya dakika chache, basi jenereta huingia kwenye bajeti hata kama mchuuzi wa vifaa hakuitaja.

Maji kama umeme

Njia ya tatu ndiyo yenye hesabu tamu kwa mtu wa uchumi. Lita moja ya maji inapogeuka mvuke humeza joto la takriban uniti 0.68 za umeme. Mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, humeza uniti 680. Kiyoyozi kizuri kingehitaji uniti zaidi ya 200 kufanya kazi hiyo hiyo. Mahali penye maji ya mteremko kutoka Rwenzori, hapo pana nishati ambayo watu hawaiandiki kwenye vitabu vya hesabu.

Kifaa chenyewe ni rahisi: ukuta mmoja wa banda una pedi za karatasi ngumu zenye matundu, maji hutiririka juu yake, na feni kubwa za ukuta wa pili huvuta hewa kupitia kwenye unyevu huo. Katika hewa ile ya nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 40, pedi nzuri hushusha joto kwa nyuzi 8 hivi, hadi 24. Ni ajabu, lakini ni kweli, na haihitaji gesi wala kompresa.

Sasa geuza kalenda. Mwezi wa Oktoba mvua imenyesha, hewa ina nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80. Pedi zile zile, pampu ile ile, umeme ule ule, zitashusha nyuzi 2 tu, maana hewa imeshiba haiwezi kunywa zaidi. Isitoshe, unyevu ulioongezwa mchana unakutana na ubaridi wa usiku wa nyuzi 17 au 18, umande unatua juu ya maua, na ukungu wa kijivu unaozea ndani ya ua unaanza. Ndani ya ua hauonekani mpaka umechelewa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo mipango mingi ya biashara ya zao hili inapokosea: imeandikwa kwa mwezi mmoja. Anayekagua mpango wa Kasese aulize swali moja, kwamba banda litaendeshwaje Oktoba usiku, na jibu litamwonyesha kama mwenye mpango amewahi kulala bondeni.

Dawa yake ni kuzima pedi mapema, saa tisa au saa kumi, na kuendesha feni bila maji ili kukausha hewa kabla jua halijazama. Wengine hupasha banda joto kidogo usiku. Kupasha joto banda Kasese, msomaji, ndiyo. Ukungu ni ghali kuliko mafuta.

Mizizi nayo isisahauliwe. Maji ya nyuzi 20 hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 hubeba 7.6 tu, na vimelea vya kuoza mizizi hupenda maji vuguvugu. Mpira mweusi wa matone ukilala juani, maji ya kwanza ya mchana huja karibu kama ya chai. Hivyo mipira hufukiwa au hufunikwa, matangi hupakwa rangi nyeupe na kujengewa paa, vyungu vyeusi hubadilishwa kwa vyeupe, na kumwagilia kukubwa hufanyika alfajiri ili mmea uingie mchana ukiwa umeshiba.

Kasese ina maji, lakini si kila maji. Mgodi wa shaba wa Kilembe, uliofanya kazi tangu 1956 hadi uchimbaji uliposimama mapema miaka ya 1980, uliacha marundo ya masalia kando ya mto Nyamwamba, na mafuriko, yale makubwa ya Mei 2013 na ya Mei 2020 yakiwa miongoni mwake, yameendelea kuyasomba. Bangi ina tabia ya kufyonza metali nzito kutoka ardhini na majini na kuziweka kwenye majani na maua, tabia ambayo imeifanya ijaribiwe kwingineko kama mmea wa kusafisha udongo uliochafuliwa. Kwa zao la dawa ni balaa, maana metali ni kipimo kimojawapo cha maabara ya mnunuzi. Shamba linalotumia maji mengi kujipoza linaleta madini mengi zaidi. Kipimo cha maji kifanyike kabla ya kununua ardhi, na kirudiwe baada ya kila mafuriko.

Usiku, na safari ya Entebbe

Kuna jambo moja ambalo ikweta inampa mkulima kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine. Bangi huchanua usiku unapokuwa mrefu. Kasese, mchana na usiku hulingana takriban saa 12 kwa 12 mwaka mzima, hivyo mche mdogo huanza kuchanua kabla haujapata mwili. Inabidi uwashiwe taa usiku ili uendelee kukua, kisha taa zizimwe siku mwenye shamba anapotaka maua. Taa hizo ni chache na hafifu, kwa kuwa kazi yake ni kuudanganya mmea tu, na joto lake usiku halidhuru. Mkulima wa ndani ya ghala huko Canada hulipia taa zinazochukua nafasi ya jua lenyewe, kisha hulipia tena kuondoa joto lake. Hapo Kasese imemshinda waziwazi.

Baada ya kuvuna, joto linageuka kuwa adui wa ghala. Ua hukaushwa polepole, kwa siku 10 hadi 14, chumba kikiwa kati ya nyuzi 18 na 21 na unyevu wa asilimia 55 hadi 60. Hapa kiyoyozi hakikwepeki, ila ni chumba, si hekta. Baadaye joto na mwanga hubadilisha polepole kemikali yake kuu, THC, kuwa nyingine isiyo na thamani ile. Kutoka Kasese hadi uwanja wa Entebbe ni safari ya karibu kilomita 400. Lori la bati lililosimama juani kwa kukagua karatasi linaweza kuharibu kwa mchana mmoja kazi ya miezi minne.

Kwa nini basi wasipande juu zaidi? Joto hupungua kwa nyuzi kama 6 kila ukipanda mita 1,000, na miteremko ya Rwenzori iko hapo inatazama. Rwanda, iliyoruhusu kilimo hiki kwa ajili ya kuuza nje mwaka 2020 na kutoa kanuni zake 2021, ilikielekeza Musanze, kwenye baridi ya karibu na volkano. Jibu ni kwamba mlima wa Kasese unauza baridi pamoja na ukungu, mteremko na barabara mbaya. Hima ina tambarare, lami na umeme. Nani amechagua vizuri, gharama ya kupoza dhidi ya gharama ya kukausha ndiyo itakayoamua.

Bwera ina nafasi gani?

Bwera na soko la Mpondwe-Lhubiriha huishi kwa kuvuka mto. Swali linalosikika huko ni kama mtu wa kawaida anaweza kupanda kidogo nyuma ya nyumba na kuuzia kampuni. Hawezi. Sheria ya dawa za kulevya ya 2015 ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba Mei 2023, si kwa sababu ya bangi bali kwa kuwa Bunge liliipitisha bila akidi. Wengine wakadhani mlango umefunguka. Agosti mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria mpya, Rais akaitia saini, na kulima bila leseni kukabaki kosa zito. Umoja wa Mataifa uliuondoa mmea huu katika orodha kali kuliko zote Desemba 2020, lakini ungali chini ya mkataba wa 1961, na kila shehena huhitaji kibali cha nchi inayouza na cha nchi inayonunua. Ng'ambo, Kongo hairuhusu. Mbegu, mche au ua likipitishwa Kasindi, hata kwa gunia la mihogo, ni kosa pande zote mbili.

Nafasi ya Bwera iko kwenye vifaa. Neti ya kivuli, mipira ya matone, plastiki ya paa na vipimajoto ni bidhaa zile zile anazohitaji mkulima wa nyanya wa uwandani, mwenye vanila wa Kasese, na mwenye kitalu cha kakao kule Beni. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na utaratibu uliorahisishwa wa jumuiya humwezesha mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 kupata cheti rahisi cha asili ya bidhaa mpakani, mradi bidhaa imetengenezwa ndani ya jumuiya na imo kwenye orodha. Neti nyingi zilizoko madukani zimetoka Asia, na hizo hazinufaiki na cheti hicho. Zilizofumwa Kenya au Uganda ndizo zenye nafasi. Tofauti hiyo ya ushuru yaweza kuwa ndiyo faida yote.

Mnunuzi wa ng'ambo naye aulizwe anataka neti ya nini. Mwenye vanila anahitaji kivuli cha asilimia 50 na kitakachokaa mwaka mzima. Mwenye nyanya 30 inamtosha, na ikizidi atalaumu muuzaji. Kabla ya kufunga bei, iangaliwe lebo kama neti imekingwa dhidi ya jua. Isiyokingwa, kwa jua la bonde hili, hupasuka mapema, na mteja wa Kasindi hurudi siku ya soko ameishika mkononi.